Kuwabadilishia vitako askari wa kuchezea wa madini ya risasi: vita vya Tanga kwenye sanduku la viatu

Mzee aliyeniuzia sanduku hili hapa Leicester, Uingereza, aliniambia ndani mna vita vya Tanga, 1914, Waingereza dhidi ya Wajerumani. Nikalifungua palepale. Askari 214 wa kimo cha milimita 15: askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na vitambaa vyao vya shingoni; na upande wa Waingereza, Warajputi, Wagurka na Waingereza wa Lancashire. Rangi zao bado safi. Tatizo lilikuwa chini, kwenye vitako, yaani vibao wanavyosimamia: wote wamesimama juu ya kijani cha meza ya snuka, kwenye vipande vya boksi la nafaka vilivyojikunja kama chapati ya jana.

Mimi mzaliwa wa Tanga. Jeshi la Waingereza liliposhushwa Ras Kazone, nje kidogo ya mji, askari wake hawakukuta bustani ya mfalme. Walikuta mikoko, vichaka na mashamba ya mpira, na tarehe 4 Novemba wakakutana na nyuki. Basi nikaamua: mtu simgusi, nambadilishia ardhi tu.

Kabla ya kung'oa chochote, piga picha kila kundi, kisha geuza vitako usome chini. Mwenye sanduku wa kwanza alikuwa ameandika majina ya vikosi kwa penseli. Ungevitupa hivyo hivyo, usingejua tena nani Mrajputi wa kikosi gani.

Pili, ijue gundi. Hapa ndipo nilipoharibu. Siku ya kwanza nilichukua kisu nikaanza kubandua kwa nguvu. Askari watatu wakakatika vifundo vya miguu, nami nikajikata kidole gumba. Usishindane na gundi. Kama ni gundi nyeupe ya mbao, mimina maji ya vuguvugu kwenye sahani bapa, yafike vifundoni tu, uwaache usiku kucha. Asubuhi boksi limekuwa uji, na askari anatoka kwa kumtikisa kidogo. Kama ni supagluu, maji hayaisumbui. Wafunge kwenye mfuko wa plastiki, walaze kwenye friza saa kadhaa. Baridi huifanya gundi hiyo iwe kavu na kuvunjika, kisha ncha ya kisu bapa inatosha. Mshike askari miguuni, usimshike bunduki.

Hawa wa zamani wana madini ya risasi ndani yao, na madini hayo ni sumu. Usiwapige msasa mkavu, vumbi lake utalivuta. Mabaki ya gundi yakwangue yakiwa na maji, nawa mikono, watoto wakae mbali. Sahani niliyolowekea haikurudi jikoni. Mama watoto alihakikisha. Na ukiona unga mweupe unachipuka juu ya askari, mtenge na wenzake. Usiwahifadhi kwenye kabati la mwaloni, maana mvuke wa mbao hiyo ndio unaoila risasi.

Vitako vipya nilikata MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya unene wa milimita 2, upana milimita 40, kina 30, askari watatu kila kimoja. Upana huo waulize kwanza unaocheza nao mchezo wa vita wa mezani, usije ukafanya kazi mara mbili. MDF ipake rangi pande zote, hata chini, la sivyo gundi yenye maji itaikunja kama lile boksi.

Sasa udongo, na hapa sikuwa na haraka. Nilitazama picha ya uwanja nyuma ya nyumba ya bibi yangu: wekundu uliochujuka, karibu na kahawia. Nikachanganya mchanga laini, gundi nyeupe, maji kidogo na rangi ya ukuta ya kahawia hadi ikawa nzito kama ugali mlaini, nikaisukumia katikati ya miguu kwa kijiti cha meno. Kijiti kiwe na maji, vinginevyo kinabeba kila kitu. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi ya mchanga, ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, halafu pitisha juu juu. Vipande vya mchanga vinajitokeza vyenyewe. Kingo zipake kahawia moja kwa wote.

Nyasi za dukani ni ghali, tena kijani mno. Nilinunua kamba ya katani, nikaichambua, nikailoweka kwenye chai ya rangi, nikakata vinyuzi vya milimita 5 na kuvisimamisha kwa tone la gundi. Katani Tanga tunaijua.

Chini ya kila kitako bandika karatasi ya sumaku, kisha wapange kwenye kopo la biskuti la chuma. Hata basi likipiga breki, hawaanguki.

Vitako vilitoka 71, akabaki mmoja, Mwingereza anayekimbia bila kofia. Huyo nilimsimamisha peke yake juu ya sarafu ya peni moja. Zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa 1992 zina chuma, zinashika sumaku. Nyuma ya kichwa chake nimechomeka nyuzi tatu za katani, na kila ncha nimeitia doa la manjano na jeusi.