Jinsi ya Kupiga Picha za Sendofu Usiku Ukumbini Unapoombwa na Ndugu

Mdogo wangu aliombwa na shangazi yetu apige picha za sendofu ya binamu katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, kwa hoja ambayo kila mwenye kamera ameshaisikia: "Si una kamera, mwanangu?" Yanayofuata ni maelezo niliyompa kabla ya siku ile, nikiongeza yale yaliyojitokeza tulipoketi pamoja kuzichambua picha. Giza la ukumbini lina dawa zake zinazojulikana, lakini taa za rangi ndizo zinazoharibu picha za watu wengi, na ndiyo sababu hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Elewana na wenye shughuli

Uliza kama kamati imekodi mpigapicha, na nani atakayekusanya ndugu kwa ajili ya picha za pamoja. Ikiwa yupo wa kukodi, yeye ndiye mwenye kazi, nawe usimkingie wala usiwashe flashi wakati anapiga. Kwa shughuli za wanawake peke yao, kama vile singo za watu wa pwani, ambako wageni huvua mabuibui kwa kuwa wanajua wako wenyewe, ruhusa ya mwenye shughuli haitoshi. Kila anayepigwa lazima aridhie.

Hatua ya 2: Chagua lenzi

Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18–55mm, kwa kawaida hufungua tundu hadi f/3.5 ikiwa pana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi), na ukivuta karibu hubaki f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Azima hiyo. Ikiwa kamera yako ina sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo na ukumbi umebana, 35mm f/1.8 itakufaa zaidi, kwa sababu 50mm itakulazimu urudi nyuma hadi ugongane na meza za wageni. Mimi zumu ya f/5.6 siiingizi ukumbini usiku, hata ikiwa ya bure.

Usiiache f/1.8 wazi muda wote, hata hivyo. Kwa karibu, jicho la bibi harusi mtarajiwa litakuwa kali na sikio lake litakuwa limeshafifia, na mwenzake aliyesimama hatua moja nyuma hatatambulika. Watu wawili wanahitaji angalau f/2.8, na safu mbili za ndugu zinahitaji f/4 pamoja na flashi.

Hatua ya 3: Panga kamera

Weka kamera kwenye M (unapanga mwenyewe), faili ziwe RAW (data ghafi ya kamera), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kasi ya shata 1/125 ya sekunde, kisha rekebisha kuanzia hapo. Usiiogope ISO. Chengachenga, yaani vidoa vinavyoletwa na ISO kubwa, hupunguzwa na programu, lakini mkono wa baba uliotikisika akilishwa keki hauna programu ya kuutuliza. Tena picha iliyopigwa gizani kwa ISO ndogo ikaja kuongezwa mwanga baadaye kwa kamera nyingi haitoi chengachenga chache kuliko iliyopigwa kwa ISO kubwa tangu mwanzo, na kwa nyingine hutoa nyingi zaidi. Pima mwanga usoni, kwa sababu gauni jeupe huidanganya kamera ipunguze mwanga, na sura ya mwenye ngozi nyeusi ikaishia kuwa kivuli.

Hatua ya 4: Zishughulikie taa za rangi mapema

Taa za LED za jukwaani huleta matatizo mawili yenye dawa tofauti, na ukiyachanganya utahangaika usiku mzima.

La kwanza ni mistari. Umeme wetu, kama ule wa Kenya, ni wa herzi 50, kwa hiyo taa nyingi zinazotumia umeme huo hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini shata ya kasi hukamata sehemu tu ya mapigo hayo, na picha inatoka na mikanda ya giza inayokatiza ukuta na nyuso. Kwanza, zima shata ya kielektroniki, ile ya kimya, utumie ya kimakanika, kwa sababu ile ya kimya husoma sensa mstari kwa mstari na kwa kamera nyingi ndiyo inayozidisha mikanda. Pili, shuka kutoka 1/125 hadi 1/100, au 1/50 kwa watu waliotulia, ili kila picha ibebe mapigo kamili. Kama kamera yako ina kipengele cha kupunguza kumetameta kwa taa, kiwashe. Lakini kuna taa za jukwaani ambazo mwanga wake hupunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka kwa mwendo wake zenyewe, usiohusiana na herzi 50, na kwa hizo 1/100 haisaidii kitu. Hapo jaribu kasi moja baada ya nyingine ukitazama kioo cha nyuma mpaka mikanda ipungue. Umeme ukikatika na jenereta ndogo ikashika zamu, jaribu upya, kwa kuwa jenereta za namna hiyo haziishiki 50 barabara.

La pili ni zambarau. Wapambaji wa siku hizi huimwaga kila mahali, hasa juu ya meza kuu, na kwa mgeni aliyeketi inapendeza. Kwa kamera, uso uliomulikwa na taa ya buluu au zambarau una habari ya chaneli ya buluu (kamera hurekodi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa chaneli yake) kupita kiasi, nyekundu kidogo na kijani karibu hakuna. Buluu inaungua, mashavu yanakuwa bapa kama yamepakwa rangi ya ukutani, na hata RAW haiwezi kurudisha kisichorekodiwa. Kurekebisha uwiano wa mweupe (white balance) baadaye kutakupa uso wa kijivu. Chati ya kawaida ya mwanga (histogramu) kwenye kioo cha kamera nayo haitakuonya, kwa kuwa hukokotolewa zaidi kutokana na kijani. Fungua chati yenye chaneli tatu, na ukiona buluu imegonga ukuta wa kulia, punguza mwanga hadi iachie.

Dawa iliyo bora kuliko hizo zote haina kifungo. Fika kabla ya wageni, mtafute fundi taa au DJ, msalimie vizuri, umwombe awashe taa nyeupe ya joto (yenye umanjano kidogo) wakati wa kuingia, wa keki na wa zawadi. Mweleze mshereheshaji pia, kwa sababu yeye ndiye anayejua dakika hizo zinafika lini. Ombi hili likikubaliwa, nusu ya kazi ya kuhariri imekwisha. Likikataliwa, tumia hatua inayofuata, na zile ambazo zambarau imezishinda kabisa zigeuze nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 5: Flashi ielekezwe juu

Usiielekeze usoni kamwe. Jasho litang'aa na ukuta wa nyuma utabeba vivuli. Igeuze juu na nyuma kidogo, mwanga ugonge dari jeupe na kurudi ukiwa laini. Dari likifunikwa vitambaa vya rangi, mwanga utarudi na rangi hiyo, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe. Dari likiwa refu mno, ongeza ISO badala ya kuichosha betri. Flashi inayoshinda taa za rangi usoni huondoa zambarau na mikanda kwa pamoja, nayo taa za ukumbi zikibaki nyuma huonekana kama mapambo.

Hatua ya 6: Wakati wa shughuli

Kwenye keki, simama upande anakotazama anayelishwa. Ndafu ikiletwa, piga kabla haijakatwa. Simu yenye hali ya usiku itumie kwa mapambo tu, maana hushona picha kadhaa pamoja na anayecheza muziki ataonekana kama moshi.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Chuja bila huruma, kisha tuma kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa kuwa ukituma kama picha zitabanwa. Mwambie shangazi siku ya kuzipokea kabla hajakuuliza, na faili za RAW usizifute mpaka athibitishe kwamba amezifungua zote na kuzihifadhi.