Usimpandishe Mbwa Juu Kabla Mifupa Haijakomaa

Wafugaji wa mbwa wa ulinzi Nairobi, kuanzia Karen hadi Ruai, wanataka mbwa anayepanda ngazi na kuvuka ubao wa juu bila kutetemeka. Ni haki yao. Kinachonisikitisha ni mtoto wa German Shepherd wa miezi mitano anayeburutwa kwa mnyororo juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa mawili ya lita 200. Hapo yuko karibu sentimita 90 kutoka chini.

Mifupa ya mtoto huyo bado ina sehemu laini karibu na viungo, ambapo ndipo inaporefukia. Kwa mbwa wakubwa, sehemu hizo hukomaa kati ya miezi 12 na 18. Akiruka kutoka juu, uzito hushukia miguu ya mbele, na sehemu laini ikiumia, mguu unaweza kukua ukiwa umepinda. Upasuaji ni ghali, na hata ukifanikiwa huenda mbwa asirudi kazini. FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, halimruhusu mbwa aliye chini ya miezi 18 kushindana kwenye vizuizi. Wewe unaharakisha nini?

Mifupa ikiwa bado haijakomaa, fanyeni kazi ya chini. Laza ngazi kwenye nyasi, mbwa apite polepole katikati ya vipago. Mbwa huangalia anakoweka miguu ya mbele, ile ya nyuma hufuata tu bila yeye kuifikiria, na ndiyo inayomwangusha ubaoni. Ngazi humfundisha kuifikiria.

Kisha nunua mbao ya futi 12, upana inchi 12, unene inchi 2. Ilaze ardhini kabisa, isicheze hata kidogo. Akiipita mwanzo hadi mwisho bila kukanyaga nje, mazoezi matatu mfululizo, iinue kwa mawe ya kujengea ya inchi 6, moja kila ncha na moja katikati. Nasema tena, na moja katikati! Ubao unaonepa humtia mbwa hofu ambayo utahangaika nayo kwa miezi. Akishafikisha mwaka mmoja, nenda sentimita 30. Sentimita 60 na kuendelea ni baada ya miezi 18, na daktari wa mifugo awe amemkagua nyonga na viwiko. Ubao wa mashindano wenyewe uko kati ya sentimita 120 na 130.

Kila zoezi ni dakika tano, apite mara nne, basi. Siku inayofuata apumzike.

Mnyororo wa kukaba uache nyumbani. Mvishe mkanda wa kifuani, kamba iwe legevu, na msaidizi asimame upande wa pili. Kipande cha maini kishike chini, karibu na ubao. Ukikiinua, kichwa kinapanda na miguu ya nyuma inateleza. Mwishoni asiruke: miguu ya mbele ikanyage ardhi, ya nyuma ibaki ubaoni kwa sekunde mbili, ndipo umpe.

Paka ubao rangi iliyochanganywa na mchanga mwembamba, na umkate mbwa kucha. Kati ya Machi na Mei, na asubuhi zenye umande za Julai, ubao ukiwa na maji usimpandishe hata kama umeupaka mchanga.

Anayetembea mkia ukiwa legevu na bila kusita yuko tayari kuongezewa urefu. Akichechemea hata kidogo kesho yake, simamisha mazoezi umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.