Somo: Namna ya kuchagua matandiko kwa anayelala akitokwa na jasho

Kila kiangazi kinapoingia, swali ni lilelile: "Ninunue shuka lipi, maana nikilala naungua?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo leo naandika lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hakuna shuka linalotengeneza baridi. Mwili ndio unaotakiwa kupoteza joto ili usingizi ukolee, na kazi ya matandiko ni kulipitisha joto hilo na kulifyonza jasho lipate kukauka.

Hatua ya kwanza. Vua karatasi ya nailoni ambayo godoro lilikuja nayo. Wengi huiacha ili godoro lisichakae, kisha hununua shuka la bei kali na kulitandika juu ya nailoni, ambako jasho halina pa kwenda. Ikiwa unahofia mkojo wa mtoto, tandika kipande cha mpira upande wake tu, na juu yake kitambaa kizito cha pamba.

Hatua ya pili ni kitambaa chenyewe, na hapa ndipo wengi, nami nikiwamo, tulipoacha fedha zetu. Muuzaji mmoja alinishikisha shuka laini lenye kung'aa, likaburudisha kiganja, akaniapia kuwa ni pamba tupu. Usiku lilininata mgongoni kama gundi. Usiamini kiganja, wala usiamini maandishi ya kwenye pakiti peke yake. Omba uzi mmoja wa mtande (wa urefu) na mmoja wa mshindio (wa upana) kutoka kwenye pindo, kwa sababu nyuzi za upande mmoja zinaweza kuwa pamba na za upande wa pili poliesta, yaani nyuzi za plastiki. Zichome moja moja. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi yanayosagika kwa vidole, ilhali poliesta hujikunja ikiukimbia moto, huyeyuka, kisha huacha kipunje kigumu cheusi. Ukipata majivu yenye vipunje, huo ni mchanganyiko. Shika uzi kwa koleo au kibanio juu ya sahani ya chuma, mbali na watoto na mbali na vitambaa vya muuzaji, kwa kuwa tone la poliesta iliyoyeyuka hugandia ngozi na kuunguza vibaya. Usiuguse uzi kabla haujapoa.

Hatua ya tatu. Chagua ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu na mmoja chini, usiong'aa. Ufumaji wa satini, hata ukiwa wa pamba, hupitisha uzi mmoja juu ya nyuzi kadhaa, na kwa kawaida shuka lake huwa zito na hutunza joto zaidi. Nyuzi 200 hadi 400 kwa inchi ya mraba zinatosha.

Hatua ya nne. Jifunike shuka jepesi au leso (kanga) ya pamba. Blanketi la manyoya ya plastiki liache kwa wageni wanaokwenda kwenye baridi ya milima ya Kabale.

Hatua ya tano. Mto wa sufi hupitisha hewa kuliko wa sponji.

Hatua ya sita. Usivue chandarua kwa sababu ya joto. Malaria haina msimu wa mapumziko katika sehemu kubwa ya Uganda. Tafuta chandarua kipana cha pembe nne kisichogusa mwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kampala: Sina muda wa kusoma yote. Taja tu jina la shuka baridi.
Jibu: Soma hatua ya pili.

Mwanachama mfanyabiashara: Unatuharibia soko. Mashuka yangu yana nyuzi 1,200, na wateja wanarudi.
Jibu: Sikumtaja mtu. Hesabu kubwa namna hiyo mara nyingi hupatikana kwa kuhesabu kila uzi mwembamba uliosokotwa ndani ya uzi mmoja. Wape wateja uzi wauchome; bidhaa njema haitapoteza chochote.

Mwanachama wa Gulu: Samahani mwalimu, kwa nini basi poliesta huwa baridi ukiishika dukani?
Jibu: Ahsante, ndugu, kwa kuuliza vizuri. Uso wake ni laini, kwa hiyo hugusana na sehemu kubwa ya ngozi na kuchukua joto la mkono kwa haraka. Shuka likishapata joto sawa na la mwili, kazi hiyo imekwisha. Kinachobaki ni jasho, na hapo ndipo tofauti ilipo: katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Pitia pia mashuka ya mitumba pale soko la Owino, Kampala, kwani pamba iliyofuliwa mara nyingi imekwisha kupoteza dawa ya kiwandani, hivyo hufyonza vizuri zaidi.

Mwanachama wa Entebbe: Mume wangu husikia baridi, mimi joto. Tufanyeje?
Jibu: Dada, kila mmoja awe na shuka lake la kujifunika kwenye kitanda hichohicho. Na kwa kuwa hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, jasho hukauka polepole, basi feni itakusaidia kuliko shuka la tatu.

Mwanachama wa Lira: Mimi hulowa hadi nabadilisha nguo, na nina kikohozi cha wiki tatu.
Jibu: Mzee wangu, usinunue shuka. Nenda kituo cha afya kesho ukapimwe kifua kikuu. Jasho la namna hiyo halitokani na kitanda.

Mwanachama wa Jinja: Na kufua je?
Jibu: Usitie dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaozuia pamba kufyonza. Anika juani, mbali na ardhi, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na mabuu yake huingia chini ya ngozi ya anayelalia.