Kabla hujavuka Kasumulu kwenda kujitolea kufundisha Malawi

Kila ajira za walimu zikichelewa hapa Tanzania, kuna mwenzetu ananiuliza habari za kwenda kujitolea nje. Mimi nilikwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi, kwenye shule ya msingi ya serikali yenye walimu watano, isiyo na umeme, na madawati yake unayahesabu kwa vidole. Haya nayaandika kwa anayeelekea huko. Anayekwenda kwingine achukue yanayomfaa.

Pasipoti iwe na muda wa kutosha. Kadi ya homa ya manjano ikae ndani yake. Vyeti toa nakala zilizothibitishwa na wakili, vile halisi viache nyumbani.

Kibali ndicho watu wanachokipuuza. Muhuri wa mgeni unaogongewa ukishavuka daraja la Songwe, pale mpakani Kasumulu, unakuruhusu kutembea tu, haukuruhusu kushika chaki. Usidanganywe kwamba kwa kuwa hulipwi basi hufanyi kazi. Afisa uhamiaji akikukuta mbele ya darasa hatakuuliza mshahara, atakuuliza karatasi. Taasisi inayokupeleka ikisema "tutalishughulikia ukifika", iambie ilishughulikie kabla hujafunga begi.

Fedha: usigeuze akiba yako yote kuwa kwacha kwa mkupuo. Novemba 2023 benki kuu yao ilishusha thamani ya kwacha, dola ikapanda bei kwa asilimia 44 kwa mara moja, na aliyekuwa ameweka hela ya miezi sita ndani aliamka ana hela ya miezi minne na kidogo. Tena bajeti yako ipigie kwa bei za Januari hadi Machi. Hiyo ndiyo miezi ya njaa: mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, mapya bado yako shambani. Utaona kwa macho yako, mahudhurio yanashuka na waliokuja wanasinzia ikifika saa nne. Chapati yako ya asubuhi ilie nyumbani.

Afya: chandarua, maji ya kuchemsha, na ziwani usiogelee kwa raha za mtalii, kichocho kipo. Kipindupindu cha 2022 na 2023 kiliua zaidi ya watu 1,700 nchini humo, kwa hiyo ndoo ya kunawia mlangoni mwa darasa usiione kama pambo. Na hilo ziwa, ukishavuka, liite Ziwa Malawi kama wanavyoliita wenyewe, siyo Nyasa. Ubishi wa jina na wa mpaka waachie wanadiplomasia, wewe una darasa la kufundisha.

Kwenye lugha nilichekwa. Nilikaa miezi miwili nikikariri Kichewa, muli bwanji (hamjambo), zikomo (asante), mpaka nikajiona mwenyeji. Siku ya kwanza naingia darasani na muli bwanji yangu, watoto wananikodolea macho. Nyumbani kwao Karonga wanaongea Kyangonde, ambacho na Kinyakyusa cha Kyela, upande wetu wa mpaka, ni ndugu wa tumbo moja, na bibi yangu ni wa Kyela! Nilipotamka ugonile, salamu ya bibi, darasa zima liliangua kicheko, na tangu siku hiyo tukaelewana. Kichewa kwao ni lugha ya vitabuni na redioni, kama kwangu tu. Kwa hiyo usijifunze lugha ya nchi, uliza kijijini wanaongea nini. Somo fundisha kwa Kiingereza inavyotakiwa, ila usiamini vichwa vinavyotikisika. Mwite mtoto ubaoni uone.

Fimbo iache nyumbani. Katiba yao ya 1994 imepiga marufuku, na usije na hadithi za "kwetu tunaruhusiwa".

Sasa kalenda, ambayo ndiyo iliyoniumiza. Sisi mwaka wa shule unaanza Januari, wao unaanza Septemba na kuisha Julai. Nilifika Januari na azimio la kazi langu safi, mada ya kwanza, wiki ya kwanza, nikakuta watoto wanaingia muhula wa pili. Hilo lilirekebishika kwa wiki moja ya kukesha na kibatari. Kubwa zaidi sikuliona.

Nilipewa darasa la tano, majina 112 kwenye daftari la mahudhurio. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1994, wanafunzi wakapanda kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 ndani ya mwaka mmoja, madarasa ya namna hiyo si ajabu kule. Sikuuliza kabla yangu nani alikuwa analifundisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwalimu wao alihamishiwa shule nyingine wiki mbili baada ya mimi kufika, kwa sababu huku "kuna mtu". Wakati ule niliona nimeaminiwa. Kumbe nimeziba tundu kwa kipande cha barafu.

Juni, majina ya ajira mpya yakatoka nyumbani na langu likiwemo. Siku 14 za kuripoti kituoni. Nimesubiri miaka minne, ungekuwa wewe ungefanyaje? Niliondoka siku ya Alhamisi. Kiranja wangu, binti mdogo aliyekuwa anakuja na kigoda chake kichwani kila asubuhi, alinisaidia kukusanya madaftari, akayapanga mafungu matano, kisha akaniuliza kesho waendelee ukurasa wa ngapi. Nikamwambia wa 64. Sikuwa na jibu jingine.

Wiki tatu baadaye hedi, yaani mwalimu mkuu, akanitumia ujumbe wa sauti. Alinisalimu kwanza, akauliza kituo kipya kikoje, kama nimepata nyumba. Halafu akasema darasa langu limeunganishwa na la nne chini ya mwembe, mtihani wa kufunga mwaka umekaribia, na kwenye hesabu wako pale pale, ukurasa wa 64. Hakunilaumu hata kidogo.

Basi kabla hujakubali, muulize hedi maswali matatu, tena mwulize mwenyewe kwa simu, siyo kupitia taasisi. Darasa hili lilikuwa la nani? Mimi nikifika, yeye anakwenda wapi? Nikiitwa nyumbani ghafla, nani analichukua? Kama majibu hayaeleweki, omba uwe mwalimu wa pili, mwenye darasa abaki na darasa lake. Na kama jina lako liko kwenye foleni ya ajira, waambie mapema. Mimi nilinyamaza nikihofia watanikataa.

Mizigo: usibebe vitabu vya mtaala wetu, havitasaidia. Beba chaki, taa ya sola, na redio ndogo. Kule chaki inahesabiwa kijiti kwa kijiti ofisini. Ukitaka kugawa madaftari au kalamu, yapite kwa hedi yagawiwe shule nzima. Ukiwapa wa kwako peke yao, Jumatatu utakuta watoto wa la nne wamehamia kwako na mwalimu wao hakusalimii. Chakula hakitakusumbua, ugali ni nsima, dagaa ni usipa, na mchele wanaojivunia Karonga wanauita Kilombero, kama bonde letu la Morogoro, usicheke. Laini ya simu nunua ya kule ujiunge Airtel Money au Mpamba, huduma za kutuma hela kwa simu. Nauli ya kurudi itenge, ifunge, usiiguse hata kwa dharura ya mtu mwingine. Mpakani ukibadilisha hela, hesabu mwenyewe unayopewa kabla hujaachia ya kwako, na usivuke jioni. Mwachie mtu namba ya hedi. Na mafuta ya gari huwa yanaadimika, kwa hiyo siku ya safari ondoka mapema.