Sauti ya hedifoni za mtangazaji: toa mtiririko wake peke yake

Kama prosesa ya redio yako (kifaa kinachochakata sauti kabla ya kurushwa) inatoa sauti kwa AES67, yaani kiwango cha kupitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, usimpe mtangazaji mtiririko uleule unaokwenda kwenye transmita. Uchakataji kamili wa FM unachelewesha sauti, na ucheleweshaji ukifika milisekunde 20 au 30 mtangazaji anajisikia mara mbili, anaanza kuburuta maneno. Prosesa nyingi zina toleo la pili la ucheleweshaji mdogo, lililopitia kompresa nyepesi tu (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo). Hilo ndilo la kumpelekea.

Kwenye mtiririko huo weka paketi za milisekunde 1, yaani sampuli 48 kwa kiwango cha kHz 48. Baadhi ya vifaa vinakubali hata sampuli 6 kwa paketi, lakini paketi zinakuwa nyingi mno kila sekunde, na faida yake masikioni ni ndogo. Mimi nabaki na 48. Kinachokula muda zaidi mara nyingi ni bafa ya upande wa kupokea, yaani akiba ya paketi zinazosubiri kuchezwa: anza na paketi chache, ongeza tu ukisikia mikwaruzo.

Mikwaruzo isipoisha, acha bafa, kagua swichi. Zima ile hali ya kuokoa umeme kwenye poti, maana inavuruga PTP, saa ya pamoja inayooanisha vifaa vyote kwenye mtandao. Washa IGMP snooping, inayofanya swichi ipeleke mtiririko kwenye poti zilizouomba tu, na hakikisha kuna querier kwenye mtandao, yaani kifaa kinachouliza mara kwa mara nani bado anauhitaji. Bila querier, sauti inaweza kukatika dakika chache baada ya kuunganishwa, wakati kila kitu kinaonekana kiko sawa.