Mbwa wako sio mbishi, ila umemfundisha mwenyewe bila kujua

Wafugaji wenzangu wa Igombe, Kayenze, Magu mpaka huko Ukerewe, mwangaluka. Leo tuweke pembeni kideri, ule ugonjwa wa kuku, na bei ya pumba tuongelee mbwa, maana kila nikipita kwa watu malalamiko ni yaleyale, mbwa anakula mayai, anakimbiza vifaranga, ukimwita haji, na dawa ya yote hayo eti ni fimbo.

Hata mimi nilikuwa hukohuko. Nilikuwa na dume la kienyeji tunamwita Jimi, siku moja akaingia kwenye chanja ya dagaa wa mama watoto akala akashiba. Nikaja kugundua baadae, nikamwita "Jimi njoo", akaja mbio mkia unacheza, nikamshika nikamtandika. Kesho yake tena hivohivo. Siku ya tatu nikiita anasimama kama hatua kumi hivi, masikio kayalaza nyuma, anajilamba pua, anageuza uso pembeni kama hanioni, mi nikasema huyu ana dharau, anajua kosa lake. Kumbe wala! Habari ya dagaa wa asubuhi yeye alishamaliza, alichoshika ni kwamba nikiitwa nikienda napigwa. Yaani nilikuwa namfundisha asije na akafaulu vizuri tu.

Mbwa anarudia kile kinachomlipa. Akirukia meza akapata kichwa cha sangara kesho ataruka tena, akibweka getini na mtu akaondoka anajua kubweka kunafanya kazi. Kwa hiyo ukitaka afanye jambo hakikisha linamlipa, na malipo yawe palepale, ndani ya sekunde moja au mbili, ukichelewa atadhani unamlipa kwa kitu kingine alichofanya hapo katikati.

Sisi wa ziwani malipo tunayo bure, dagaa! Chukua wakavu wasio na chumvi, pepeta mchanga, katakata weka mfukoni. Mfundishe kabla hajala, dakika tano zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku, usimchoshe. Anza hatua mbili tu kutoka alipo, sema "Jimi njoo", akifika mpe kipande umsifie, ukiona anakuja bila kusita ongeza umbali. Na nyumba nzima mkubaliane neno moja, sio baba anasema njoo, mtoto anapiga mluzi, shangazi anasema "kam", alafu mnamwita mbishi. Usimwite kwa ajili ya kumpiga wala kumfunga, kama unataka kumfunga mfuate mwenyewe.

Kwenye kuku ndo pana kazi. Mfunge kamba kaa nae kwenye kigoda, kuku wapite mbali kidogo. Atawakazia macho, wewe tulia. Ile sekunde anaacha kuwaangalia anageuka kwako, mpe dagaa. Baada ya siku kadhaa unasogea karibu, na kamba usiitoe mapema hata kama watu wanakucheka. Mbwa aliyeshaonja kuku ni mgumu zaidi, huyo nisikudanganye, mchana kuku wakiwa nje afungwe au awe na mtu.

Kitoto cha mbwa ni rahisi kuliko mkubwa. Usimtoe kwa mama yake kabla ya wiki nane, na kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili au kumi na nne ndo kichwa chake kiko wazi, kila anachokizoea hapo hakimtishi ukubwani, kwa hiyo muonyeshe mbuzi, kuku, watoto, pikipiki, wageni. Wengine wanamfungia bandani kipindi hichohicho ili awe mkali. Atakuwa muoga, na muoga ndo anayeng'ata hovyo mpaka mtoto wa jirani. Hao wanaowalisha pilipili ndo wananichosha kabisa, unamuumiza tumbo tu mbwa wa watu.

Pia jifunzeni kumsoma. Kupiga miayo wakati hana usingizi, kujilamba pua, kugeuza uso, weupe wa macho kuonekana, hapo anasema nipishe. Mkia kucheza sio furaha kila siku, ukiwa umesimama juu umekakamaa unatikisika kidogokidogo na mwili mzima umekaza, kaa mbali. Akinguruma usimpige kwa kunguruma, anakupa taarifa, ukimnyamazisha kesho atang'ata bila kutangaza.

Ila kuna tabia ambayo hata dagaa debe zima hawaiwezi. Mbwa mpole akabadilika ghafla, anang'ata hata mti, mate yanamtoka, kumeza hawezi au anayumba, huyo usimshike, zuia watu wasimsogelee uite bwana mifugo haraka, inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu kituo cha afya siku hiyohiyo, msisubiri dalili maana zikishatokea kupona ni kama hakuna. Chanjo ya kichaa mpe mbwa kuanzia akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka urudie.

Jimi ilinichukua kama miezi miwili kumrudisha, na mpaka leo nikishika fimbo ya ng'ombe anasimama kwanza aniangalie mkono.