Jinsi ya kugawana masafa kati ya mitandao jirani ya vihisi shambani

Mwongozo huu ni kwa fundi anayefunga vihisi vya unyevu wa udongo kwenye mashamba ya kahawa ya Kibosho au Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, mahali ambapo jirani naye ana vihisi vyake na nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara ina Wi-Fi usiku na mchana. Data ikianza kupotea, wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya kurusha. Nakusihi usianzie huko, kwa sababu jirani naye ataongeza yake, na nyote mtabaki na kelele kubwa zaidi na betri zinazokwisha upesi.

Hatua ya 1: Yafahamu masafa unayotumia

Vihisi vingi vya bei nafuu hufuata kiwango cha IEEE 802.15.4, yaani kanuni za redio za nguvu ndogo, ambacho ndicho msingi wa Zigbee, mfumo wa kuunganisha vifaa vidogo bila waya. Katika masafa ya gigahezi 2.4 kiwango hicho kina chaneli 16, kuanzia ya 11 iliyo kwenye megahezi 2,405 hadi ya 26 iliyo kwenye 2,480, zikiachana kwa megahezi 5. Chaneli moja ya Wi-Fi ina upana wa takriban megahezi 20, hivyo hufunika chaneli nne za vihisi kwa pamoja. Tena ruta huweza kurusha miliwati 100, ilhali kihisi mara nyingi hurusha miliwati 1 tu.

Hatua ya 2: Sikiliza kwanza

Chukua nodi moja (kihisi pamoja na redio yake), ipakie programu inayopima nguvu ya mawimbi kwenye kila chaneli na kuandika vipimo kwenye kadi ya kumbukumbu. Ifunge pale pale kituo kikuu, kinachopokea data ya nodi zote, kitakapokaa, kwa kimo kile kile, wala usipimie mezani ofisini. Iache siku nzima hadi usiku uingie, kwa maana nyumba za wageni huchangamka jioni, wageni waliotoka mlimani wanapoanza kutuma picha. Unaposoma matokeo usiridhike na wastani: chaneli yenye wastani wa -92 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi) inaweza kuwa na vishindo vifupi vya -60 dBm, na vishindo hivyo ndivyo vinavyoharibu pakiti zako, yaani vifurushi vya data vinavyorushwa na nodi.

Hatua ya 3: Chagua chaneli

Wi-Fi nyingi hukaa kwenye chaneli zake za 1, 6 na 11, ambazo kitovu chake ni megahezi 2,412, 2,437 na 2,462. Katika mianya iliyobaki kuna chaneli za vihisi 15, 20, 25 na 26, nazo ndizo za kujaribu kwanza. Ya 20 iko kwenye 2,450, karibu kabisa na masafa ya oveni za maikrowevu, basi iepuke kama jiko la wageni liko karibu. Ikiwa ruta ya jirani imewekwa upana wa megahezi 40, baadhi ya mianya hiyo huzibwa. Mwendee mwenye nyumba kwa adabu umwombe airudishe kwenye 20 na kuikaza kwenye chaneli moja.

Hatua ya 4: Pangeni zamu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Nodi inayotaka kurusha husubiri muda wa bahati nasibu, kati ya vipande 0 na 7 vya mikrosekunde 320, kisha husikiliza; ikikuta chaneli ina shughuli husubiri tena, na kwa mpangilio wa kawaida hukata tamaa ikishindwa mara tano. Utaratibu huu unafaa mahali ambapo nodi zinasikiana. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iliyokatwa na makorongo, nodi mbili zilizo pande mbili za kilima hazisikiani, ingawa kituo kilicho juu kinazisikia zote mbili, nazo zitagongana bila kujua.

Dawa yake ni zamu, kama maji ya mfereji yanavyogawanywa Uchagani. Kaa na jirani mkubaliane: mtandao wako urushe dakika shufwa, wake dakika witiri, na ndani ya dakika hiyo kila nodi iwe na sekunde yake. Pakiti ndefu kabisa, ya baiti 127, hukaa hewani takriban milisekunde 4 tu, kwa hiyo nafasi ipo tele. Saa za nodi ndizo za kuangaliwa: kosa la sehemu 20 kwa milioni huisogeza saa kiasi cha sekunde 1.7 kwa siku, basi kituo kisahihishe saa za nodi zote mara kadhaa kila siku, kabla nodi haijaingia kwenye sekunde ya mwenzake.

Hatua ya 5: Hakiki

Ipe kila pakiti namba ya mfululizo, kisha baada ya wiki hesabu namba zilizokosekana kwa kila nodi na kwa kila saa. Upotevu wa jioni tu huelekeza kwenye Wi-Fi, na ule wa dakika zile zile kila mara huelekeza kwenye zamu zinazoingiliana. Nodi moja ikipoteza data saa zote, hasa baada ya mvua, chunguza majani: migomba na mibuni iliyolowa hufyonza mawimbi ya masafa haya, na antena ipandishwe juu ya vilele vyake.